Maji Hayabishi Hodi

Valdivia mvua hainyeshi, imehamia.
Ina chumba chake katika kila nyumba,
na katika Pijo 404 ya Bi Clorinda Aguayo
ilikuwa na kiti: cha mbele, kulia, karibu na mlango.

Aliileta Jumanne, gia ya pili, vioo vimetoka jasho.
"Rosamel," akasema, "mafundi watatu wameshaila pesa yangu.
Wewe wa nne. Kula polepole."

Nilipofungua mlango harufu ilitangulia kutoka:
gunia la viazi lililosahauliwa, kitabu kilichooga.
Nikaikamua kapeti, ikatoa tui la pili, jembamba, la kijivu.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi niliyazoa, kwa sifongo na kopo la rangi,
lita nne na nusu, na ndani yake
pini ya nywele, sarafu iliyokwisha kazi,
tiketi ya feri ya Corral ambayo wino umeitoroka.
Bati la chini lilikuwa biskuti.
Kidole changu kilipita kikaisalimu ardhi.

Walionitangulia walipaka silikoni juu ya silikoni
ukingoni mwa kioo, nyeupe, kisha nyeusi, kisha ile ya bafuni.
Palipolowa, walidhani, ndipo panapovuja.
Siwacheki. Nimelifanya kosa hilo nyumbani kwangu,
na si kwa gari.

Nehuén akashika mpira wa maji,
nami nikajifungia ndani na tochi.
"Kioo!" Kikavu.
"Mlango!" Mkavu.
"Paa!"
Nikangoja muda wa kumenya chungwa.
Kisha, nyuma ya kitambaa cha nguzo,
nikasikia mtu akimeza.

Pijo hii ina paa la kufunguka, na paa lina mifereji,
na kila mfereji una koo jembamba kama kalamu
linaloteremka ndani ya nguzo hadi nje, nyuma ya gurudumu.
Nikasukuma waya wa klachi uliokufa. Ukagoma.
Nikasukuma tena, ukatoka na mche.
Mche! Wa maqui, urefu wa kidole cha mwisho,
majani mawili meupe yasiyowahi kusikia habari za jua.
Mbegu aliinya ndege, gari likailea.
Maji yalifika hapo, yakakuta pana mwenyewe, yakarudi,
yakatafuta mshono uliofumuka.
Maji hayabishi hodi. Na yakishaingia
huenda kukaa mbali na pale yalipopitia,
kama mgeni mwenye kesi.

Kazi yenyewe haina hadithi.
Nilikata bati, nikachomea jipya, nikapaka lami,
nikabandua silikoni zote tatu kwa kisu cha siagi,
nikakata kapeti nyingine. Doa la dari nililiacha,
aliagiza lisiguswe.
Mche uko dirishani katika kopo. Bado haujaamua.

Akaja Ijumaa. Mvua, bila shaka.
Akaketi, akafunga mlango, akaweka mikono kwenye usukani.
Nikainama dirishani nikingoja sifa.
"Kumekauka," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.
Halafu, bila kunitazama:
"Hernán alikuwa akikaa hapo. Soksi, soksi.
Kila safari alilalamikia soksi zake."

Akauliza kapeti kuukuu nimeitupa wapi.
Nikanyoosha kidole: kibandani, mbwa ameilalia,
pua chini ya mkia, ananuka kama gari.
Akamtazama mbwa yule kwa muda
ambao kwa kawaida watu huutumia kusoma barua.
Akalipa yote, bila kuomba kupunguziwa hata peso.

Kwenye kona, kabla ya kukata kuelekea mtoni,
nikamwona amesimamisha gari, ameegemea upande wa pili,
anazungusha mkono wa kioo, mara sita,
hadi chini kabisa.
Mvua ikaingia, ikaketi.
Wakaondoka.